Faharasa: Jinsi Kitabu cha Kiarabu Kilivyotafutwa Tangu Baghdadi

Msomaji wa Kiswahili hulikuta neno faharasa mwishoni mwa kitabu, juu ya orodha ya majina na namba za kurasa. Asili yake ni Uajemi. Fihrist ya Waajemi ilichukuliwa na Waarabu ikawa fihris na fahrasa, kisha ikavuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki. Katika Baghdadi ya karne ya 10 neno hilo lilikuwa midomoni mwa wauza vitabu, na kwao lilimaanisha orodha ya vitabu vyenyewe: vipi vipo, nani aliviandika, vina ukubwa gani. Mtafiti wa leo wa chuo kikuu anayechunguza fasihi, sheria, tiba au historia iliyoandikwa kwa Kiarabu angali anaanzia hapo. Kabla ya kusoma anahitaji orodha, na kila orodha ilitungwa na mtu fulani, katika mji fulani, akiwa na vitabu fulani mbele yake. Asiyemjua mtungaji huishia kuamini kwamba kisichoorodheshwa hakikuandikwa.

Kazi ya kuorodhesha ilizaliwa na karatasi. Ngozi ilikuwa ghali na mafunjo yalitoka Misri peke yake, lakini karatasi iliyotengenezwa kwa matambara, ufundi uliotoka China ukapitia Samarkand, ilikuwa ikitengenezwa Baghdadi kabla karne ya 8 haijaisha. Hapo ukazuka ufundi mpya, wa warraq. Jina hili lina ndugu zake katika Kiswahili, waraka na nyaraka, kwa kuwa yote yametoka kwenye waraq, yaani karatasi. Warraq aliuza karatasi na wino, alinakili vitabu kwa malipo, alivijalidi, na aliviuza. Al-Yaqubi, mwanajiografia wa karne ya 9, aliandika kwamba sokoni mwao palikuwa na maduka zaidi ya 100. Duka la namna hiyo lilikuwa pia maktaba ya asiye na uwezo wa kununua: inasimuliwa kwamba mwandishi al-Jahiz alikuwa akikodi maduka ya vitabu na kulala humo ili asome usiku.

Aliyelisimulia jambo hilo la al-Jahiz alikuwa mwenyewe mtu wa soko hilo, Ibn al-Nadim. Mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 hadi 988 Miladia, alitunga Kitab al-Fihrist, akikusudia kutaja vitabu vyote vya Waarabu na wasio Waarabu vilivyopatikana kwa lugha ya Kiarabu. Alikigawa katika makala kumi, kuanzia maandiko matakatifu na aina za hati, kupitia sarufi, historia, ushairi, elimu ya itikadi, fikihi na falsafa, hadi hekaya, dini za mbali na elimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu. Mpangilio huo ni wa mtu aliyezoea kujibu maswali ya wateja. Ushahidi bora upo kwenye sehemu ya washairi. Hapo hatosheki na kutaja jina la mshairi, bali huongeza kwamba mashairi yake ni karatasi kadhaa, na anaeleza kuwa kipimo chake ni karatasi ya Sulaimani, yenye mistari 20 kila upande. Sababu anaitoa waziwazi: anayetaka kukusanya mashairi ajue kiasi chake. Mteja aliyeuziwa diwani ya karatasi 50 akaambiwa ndiyo yote, ilhali Fihrist inasema 200, alijua kwamba amepunjwa.

Vingi kati ya vitabu alivyovitaja vimepotea, na kwa hivyo maneno yake mawili matatu ndiyo habari pekee iliyobaki juu ya vitabu hivyo. Mbali na hayo, alikuwa na maoni. Anataja kitabu cha Kiajemi kilichokuwa mzazi wa hekaya ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela, na anasema kuwa alikiona zaidi ya mara moja, na kwamba ni kitabu cha hovyo, kisicho na ladha. Fihrist yenyewe haikusalimika. Nakala yake ya zamani iliyo bora zaidi imekatika vipande viwili. Nusu moja iko Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty, na nusu ya pili iko Istanbul. Chapa ya kwanza, iliyoandaliwa na Mjerumani Gustav Flügel, ilitoka Leipzig mwaka 1871 na 1872, naye Flügel alikuwa amekwisha kufa.

Jinsi orodha ilivyotumika ndani ya maktaba inaonekana katika maisha ya Ibn Sina. Akiwa bado kijana aliruhusiwa kuingia katika maktaba ya watawala wa Kisamani mjini Bukhara. Alikuta jumba lenye vyumba vingi, kila chumba kikiwa na masanduku ya vitabu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: chumba hiki cha lugha na ushairi, kile cha fikihi, na kadhalika. Alisoma fihrist ya vitabu vya watu wa kale, akaomba alivyovihitaji. Hivyo ndivyo mwanafunzi wa leo anavyofanya kwenye kaunta ya chumba cha miswada. Vitabu vya Kiarabu havikusimamishwa kwenye rafu kama vya sasa. Vililazwa, na jina likaandikwa kwa wino kwenye ukingo wa chini wa karatasi, ili mtunzaji asome bila kushusha rundo zima. Ukingo huo wenye maandishi bado unaonekana kwenye miswada mingi, na mtafiti mwenye jicho huutazama, maana mara nyingine ndipo pekee jina la kitabu lilipobaki.

Huko Cordoba, orodha ya maktaba ya khalifa al-Hakam wa Pili, aliyetawala 961 hadi 976, inasemwa kuwa ilijaza madaftari 44, nayo ilikuwa na majina matupu. Merv nako, mwanajiografia Yaqut al-Hamawi alikuta maktaba kumi, na anakumbuka kwamba nyumbani kwake hapakukosekana majuzuu 200 ya kuazima, mengi bila kuweka rehani. Aliondoka mjini muda mfupi tu kabla ya Wamongoli kuuteketeza. Kutoka Damaski imebaki orodha ya karne ya 13 ya maktaba ya Ashrafiyya, yenye vitabu zaidi ya 2,000, iliyopangwa kwa herufi, kwa ukubwa na kwa mada, mambo matatu ambayo wakutubi wa Ulaya walichelewa sana kuyaunganisha.

Andalusia na Maghribi walilipa neno fahrasa kazi nyingine. Ibn Khayr wa Seville, aliyefariki mwaka 1179, aliandika fahrasa ya vitabu zaidi ya 1,000 alivyovisoma, na kila kimoja akakifungia mnyororo wa walimu hadi kwa mtunzi. Hiyo ni orodha ya maktaba iliyomo kichwani mwa mtu. Mwanachuoni wa Lamu au Unguja aliyeandikiwa ijaza, yaani idhini ya kufundisha vitabu, na mwalimu wake huko Hadhramaut au Makka aliijua desturi hiyo bila kumsikia Ibn Khayr, na ijaza hizo, zilizokunjwa ndani ya majalada ya zamani, zinamwambia mtafiti ni vitabu gani vilisomwa pwani hata pale nakala zenyewe zilipoliwa na mchwa.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa na karani. Mustafa bin Abdallah, anayejulikana kama Haji Khalifa au Katib Çelebi, alizaliwa Istanbul mwaka 1609 na aliandika hesabu katika jeshi la Waosmani. Jeshi lilipopiga kambi ya kipupwe Aleppo, yeye alishinda kwenye maduka ya vitabu akinakili majina. Baadaye alipata urithi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaishia kwenye vitabu. Kazi yake, Kashf al-Zunun, ina majina ya vitabu karibu 15,000 kwa mpangilio wa alfabeti. Alifariki mwaka 1657.

Ibara moja ya Kashf al-Zunun inatosha kuonyesha mbinu yake. Anaanza na jina la kitabu, hufuata jina la mtunzi na mwaka wa kifo chake, kisha, mara nyingi, maneno ya mwanzo ya kitabu chenyewe. Msomaji wa leo anaweza kuyaruka maneno hayo akidhani ni mapambo, kwani karibu kila kitabu huanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu. Lakini kila mtunzi humhimidi kwa namna yake. Karatasi ya kwanza ya mswada ndiyo inayochanika mapema, na vitabu kumi vinaweza kuwa na jina moja. Maneno baada ya al-hamdu ndiyo alama ya vidole. Anayeshika mswada usio na jalada hutafuta hapo. Jambo la pili ni sharhi. Haji Khalifa hazitawanyi sharhi, muhtasari na hashia kwa herufi zake; anaziweka chini ya matini mama. Kwa hiyo anayetafuta sharhi za Minhaj al-Talibin ya al-Nawawi, kitabu kilichosomwa na makadhi wa Kishafi kuanzia Mogadishu hadi Ngazija, hufungua herufi ya mim na kuzikuta zimefuatana kama watoto nyuma ya mama yao. Kama orodha yake ingeendelezwa hadi karne ya 20, hapo ndipo kingewekwa kitabu cha Sayyid Ahmad bin Sumait (1861–1925), kadhi wa Zanzibar aliyezaliwa Ngazija, kinachofafanua istilahi za Minhaj hiyo hiyo.

Wakati Haji Khalifa anaandika, vitabu vya Kiarabu vilikwisha kuanza kuhamia Ulaya, na kuanzia hapo mahali kitabu kilipoandikwa na mahali kinapopatikana vikawa vitu viwili tofauti. Mfano wa ajabu ni wa mwaka 1612. Sultani Mulay Zaydan wa Morocco, akikimbia maasi, alipakia maktaba yake kwenye meli ya Mfaransa. Nahodha alikaa bandarini akisubiri nauli, haikuja, akang'oa nanga na mzigo wote. Meli za Hispania zikamkamata njiani. Majuzuu kama 4,000 yakaishia katika jumba la Escorial karibu na Madrid, ambako moto wa mwaka 1671 uliteketeza sehemu kubwa. Kilichobaki kiliorodheshwa na Mmaroni kutoka Lebanon, Miguel Casiri, katika majuzuu mawili ya Kilatini yaliyotoka 1760 na 1770. Mtafiti wa historia ya Marrakesh hana budi kwenda milima ya Kastilia, na sababu ni nauli ambayo haikulipwa.

Njia nyingine zilikuwa za amani zaidi. Leiden ilipata kiti cha uprofesa wa Kiarabu mwaka 1613, akakikalia Thomas Erpenius; Levinus Warner, mwakilishi wa Uholanzi mjini Istanbul, alipofariki mwaka 1665 aliiachia Leiden miswada yapata 1,000, na baadhi yake ilikuwa imetoka katika mirathi ya Haji Khalifa mwenyewe. Oxford ilifuata kwa kiti chake mwaka 1636. Kufikia karne ya 19 kila maktaba kubwa ya Ulaya ilijiona ina wajibu wa kuchapa katalogi yake ya Kiarabu. Iliyozishinda zote ni ya Berlin, kazi ya Wilhelm Ahlwardt: majuzuu kumi, kuanzia 1887 hadi 1899, yenye namba zaidi ya 10,000, kila mswada ukielezwa mada, mwanzo, mwisho na hali ya karatasi.

Katalogi hizo ndizo zilizomlisha Carl Brockelmann. Alizaliwa Rostock mwaka 1868, na alipokuwa bado kijana alitoa majuzuu mawili ya historia ya maandishi ya Kiarabu, 1898 na 1902. Watu huitaja kwa herufi tatu, GAL. Jina linasema historia ya fasihi, lakini ukweli ni kwamba ni orodha: mwandishi, maisha yake kwa mistari michache, vitabu vyake, na maktaba ambamo kila nakala inapatikana, kwa vifupisho vinavyoumiza macho. Mwaka 1937 hadi 1942 aliongeza majuzuu matatu makubwa ya nyongeza, kisha mwaka 1943 hadi 1949 akaitoa upya ile ya kwanza. Hapo ndipo wanafunzi hupotea. Nyongeza ilitangulia chapa ya pili, kwa hiyo inarejelea kurasa za chapa ya kwanza. Chapa ya pili nayo imeziweka namba za kurasa za chapa ya kwanza pembeni. Asiyeambiwa hili siku ya kwanza hupoteza wiki nzima akifungua ukurasa usiohusika. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka Leiden kuanzia mwaka 2016 imewapunguzia wengi Kijerumani, lakini haikuyaondoa makosa ya zamani.

Udhaifu wa GAL haukutokana na uvivu. Brockelmann hakuzunguka maktaba zote. Alitegemea zaidi katalogi zilizochapwa. Maktaba isiyo na katalogi iliyochapwa kwake haikuwepo, au ilikuwepo nusu. Istanbul, iliyokuwa na hazina kubwa kuliko Ulaya yote, ilikuwa na madaftari mafupi yenye makosa mengi. Yemen, Oman, Hadhramaut na pwani ya Waswahili zilikuwa gizani kabisa.

Aliyekwenda kuliziba pengo la Istanbul ni Fuat Sezgin, aliyezaliwa Bitlis, mashariki ya Uturuki, mwaka 1924. Mwalimu wake alikuwa Mjerumani Hellmut Ritter. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1960 aliondolewa chuo kikuu pamoja na wanataaluma wengine zaidi ya 140, akahamia Frankfurt. Juzuu ya kwanza ya kazi yake, GAS, ilitoka mwaka 1967, na aliendelea nayo hadi kifo chake mwaka 2018. Majuzuu yalifika 17. Kwa elimu ya Kurani, hadithi, tiba, hisabati, elimu ya nyota na jiografia, GAS imeipita GAL kwa mbali. Ila ina ukuta: kwa sehemu kubwa husimama karibu na mwaka 430 wa Hijra, yaani katikati ya karne ya 11. Baada ya hapo mtafiti hurudi kwa Brockelmann apende asipende. Mwandishi yeyote wa Kilwa, Mombasa au Barawa yuko nje ya ukuta huo.

Katika nchi za Kiarabu zenyewe kazi ilifuata mkondo mwingine. Matbaa ya Bulaq, Kairo, ilianza kuchapa miaka ya mwanzo ya 1820. Maktaba ya taifa ya Misri ilianzishwa mwaka 1870, kwa juhudi za Ali Mubarak. Yusuf Ilyan Sarkis aliorodhesha vitabu vilivyochapwa, na kamusi yake iliyotoka Kairo mwaka 1928 bado ndiyo jibu la haraka kwa anayeuliza kama kitabu cha zamani kiliwahi kuchapwa. Khayr al-Din al-Zirikli aliandika al-Alam, kamusi ya wasifu ambayo haikosekani katika maktaba yoyote ya Kiarabu. Mwaka 1946 Umoja wa Nchi za Kiarabu ulianzisha taasisi ya miswada iliyotuma watu kupiga picha miswada nchi kwa nchi, kwenye filamu ndogo ambazo kizazi kizima cha watafiti kilizisoma kwa kuinama juu ya mashine yenye taa.

Kwa makala za majarida palihitajika chombo kingine. J. D. Pearson, mkutubi wa chuo cha SOAS mjini London, alitoa mwaka 1958 Index Islamicus, orodha ya makala zaidi ya 26,000 zilizochapwa kati ya 1906 na 1955. Imeendelezwa hadi leo na hakuna tasnifu inayopita bila hiyo. Lakini ilianzishwa kwa lugha za Ulaya. Makala ya jarida la Kairo kwa Kiarabu haimo, na ya Kiswahili haimo pia. Mwanafunzi anayeandika kwamba mada yake haijaandikwa na mtu, kwa kuwa Index Islamicus imenyamaza, amesema jambo juu ya Index Islamicus tu.

Hata orodha ikiwa nzuri, jina linaweza kumshinda mtafutaji. Jina kamili la kale lina kunya (yaani “baba wa fulani”), jina la kuzaliwa, la baba, nisba ya kabila au mji, na lakabu. Al-Jahiz aliitwa Abu Uthman Amr bin Bahr, na hakuna maktaba inayomweka chini ya Amr. Kisha huja herufi za Kilatini. Wajerumani humwandika Ǧāḥiẓ, chapa ya zamani ya Ensaiklopidia ya Uislamu humwandika Djāḥiẓ, wakutubi wa Marekani Jāḥiẓ. Kadhi wa Waswahili katika ensaiklopidia hiyo yuko chini ya K yenye nukta, na katika katalogi za Marekani yuko chini ya Q. Kwa waandishi wa Afrika Mashariki mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa wao wenyewe waliandika majina yao kwa namna mbalimbali: Sumait, Sumayt na Smeit ni mtu mmoja; Mazrui na al-Mazru'i ni ukoo mmoja. Njia ya uhakika ni kutafuta kwa herufi za Kiarabu pale katalogi inaporuhusu, na kurudia kwa kila tahajia ya Kilatini pale isiporuhusu.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa namna tatu. Kwanza, vitabu vyake vilisafiri. Tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, Kitab al-Sulwa, inajulikana kwa nakala iliyonakiliwa Zanzibar katika karne ya 19. Sultan Barghash alimpa nakala hiyo balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, naye akaipeleka London. Arthur Strong aliichapa katika jarida la Royal Asiatic Society mwaka 1895. Pili, Zanzibar ilikuwa mchapaji. Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta matbaa, na kuanzia mwaka 1880 hivi ikaanza kutoa vitabu vya Kiibadhi, ikiwemo Qamus al-Sharia, ensaiklopidia ya fikihi ya mwanachuoni wa Oman. Anayesoma sheria ya Kiibadhi huko Maskati hukuta kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kitabu kimechapwa Zanzibar.

Namna ya tatu ndiyo ngumu: maandishi yaliyobaki majumbani. Mwanachuoni alipofariki, vitabu vyake viligawanywa kwa warithi au viliwekwa wakfu, na maneno ya wakfu yaliandikwa kwenye karatasi ya mwanzo ili asije mtu akaviuza. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa na wanakili hodari wa misahafu. J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya, na orodha yake ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ilichapwa Leiden mwaka 1970. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO katika daftari la Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, imepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha hizo zinaonekana kwenye intaneti.

Kuna pia orodha moja ambayo watafiti wa ng'ambo huichelewa kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Ni tabaka kwa mtindo wa Waarabu wa kale: nani alisoma kwa nani, alifundisha nini, aliandika nini, alizikwa wapi. Aliyeanza na Brockelmann hatayaona majina hayo; aliyeanza na Farsy atajua pa kubisha hodi.

Kikwazo cha mwisho ni rafu. Katika mfumo wa Dewey, Uislamu uko 297, fasihi ya Kiarabu 892.7, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, juu ya vita vya Mtume, una haki katika rafu zote tatu, na mkutubi huchagua moja. Mara nyingi mswada wa namna hiyo umeorodheshwa kuwa wa Kiarabu na mtu aliyezitambua herufi bila kuielewa lugha. Mara nyingine maombi ya Kiarabu yaliyonakiliwa Lamu yamewekwa pamoja na Kiswahili kwa sababu yalitoka Lamu. Maktaba zote mbili za fikra, ya Kiarabu na ya Kiafrika, zinapaswa kupekuliwa.

Katalogi ya pamoja ya miswada ya ulimwengu wa Kiislamu iliyomo katika maktaba za Uingereza sasa iko kwenye intaneti, na walioiunda waliipa jina la kitabu cha yule warraq: Fihrist. Programu za vitabu kama al-Maktaba al-Shamila zimeweka maelfu ya matini za Kiarabu kwenye simu, zikitafutwa kwa neno moja ndani ya sekunde, ingawa matini nyingi ziliandikwa upya kwa mkono na makosa yake, na kunukuu kutoka humo bila kufungua kitabu kilichochapwa ni kujitafutia aibu mbele ya watahini. Mashine zinazosoma picha za maandishi bado zinajikwaa kwenye hati ya mkono yenye nukta zilizofifia. Na masanduku ya Pate, Pemba na Ngazija ambayo hayajafunguliwa na mtunga orodha hayamo katika programu yoyote. Tarikh ya Kilwa, kwa upande wake, ina namba, nayo anayeitaka huiomba British Library mjini London: Or. 2666.